Mimba ya Nafula

Siku hizo zahanati za uzazi zilikuwa majengo ya kuhamishika, yenye akili na sauti yake, na sheria ilikuwa moja: jengo hufuata wajawazito, na mkunga hufuata jengo. Nafula alizunguka nalo miaka sita kabla ya lori kulishusha Malava, hatua chache kutoka kwa mama yake, ambaye kifua kilikuwa kimemdhoofisha. Kila asubuhi alivuka uwanja kumpelekea uji.

Kisha wajawazito wakaisha kijijini.

"Dada Nafula," sauti ya jengo ikamwambia, "tunahama kesho."

Nafula alikuwa na miaka arobaini na tisa, na mume hakuwa naye. Akafungua orodha ya wajawazito, akaandika jina lake mwenyewe.

"Hongera," sauti ikasema. "Basi tutabaki. Lakini kwa umri wako, mimba hii ni ya hatari. Utalazwa humu mpaka ujifungue."

Mlango ukajifunga. Alivuta kitasa mpaka viganja vikamuuma. Angekiri uongo wake, jengo lingeng'oka kesho yake, naye akiwa ndani.

Siku ya tatu mama yake alikuja mwenyewe, akijikongoja kwa fimbo, akaketi chini ya dirisha.

"Mwanangu, kulikoni? Watu wanasema una mimba."

Nafula alijua jengo linasikiliza. "Ndiyo, mama."

Mama alikohoa kwa muda mrefu, kisha akacheka huku akijifuta machozi.

"Mungu ni mkubwa! Basi sifi mwaka huu. Nitajikaza mpaka nimpakate mjukuu wangu."

Nafula akaegemeza paji la uso kwenye kioo.