Mdudu Asiye na Macho

Siwatu, mponda kokoto, aliweka jiwe juu ya meza ya msimamizi wa makumbusho ya mji. Ndani yake alionekana mdudu wa baharini wa kale, mwenye pingili nyingi, aliyegeuka jiwe.

Msimamizi, Bwana Mkangama, alilisukuma kwa ncha ya kalamu. "Limevunjika. Wadudu hawa wana macho makubwa. Umeyang'oa kwa nyundo yako, mama."

"Gusa kichwa," alisema Siwatu. "Palipovunjika hukwaruza. Hapa ni laini. Huyu hakuwahi kuwa na macho."

"Nani amekufundisha?"

"Mawe. Miaka ishirini na sita."

Msimamizi alicheka kwa dharau. Hata hivyo alipitisha kidole juu ya kichwa cha mdudu, kisha akakipitisha tena, polepole. Kicheko kikamwisha. Akavuta daftari.

"Aliishi vilindini, kusikofika mwanga," alijisemea kwa sauti. "Nitaandika kwamba nimemgundua mimi."

Siwatu alimtazama kama anavyotazama jiwe lisilofaa hata kwa kokoto. Akamchukua mdudu wake, akamfunga kwenye upindo wa kanga, akatoka.

Msimamizi alimkimbilia hadi ngazini, kalamu mkononi, akimwuliza yeye anaitwa nani, ili aliandike jina lake. Siwatu aliendelea kushuka.