Ngoma ya Kikosi cha Wageni

Asubuhi ile mji mzima ulihamia uwanjani. Kwa karne nzima Jamhuri iliajiri vikosi vya wageni, kila kimoja kikiamriwa kwa lugha ya kwao. Sasa sheria mpya ilitaka wote waamriwe kwa lugha ya nchi. Kikosi ambacho kingeshindwa kuitii amri hiyo siku hiyo kingevunjwa, na askari wake wangetawanywa katika vikosi vingine.

Sajini Makraye, mtu wa milimani wa kikosi kimojawapo cha wageni, alijaza pumzi kifuani akaitamka kwa lugha ya nchi amri ya kwenda mbele. Askari mia nane hawakutikisika.

“Sajini, umemeza mwiba wa samaki?” mmoja alinong’ona safuni, na wenzake wakabana vicheko.

“Mara ya mwisho!” alinguruma Jenerali Van Aldering, aliyekuja kuvipima vikosi, juu ya farasi wake.

Makraye akairudia amri huku jasho likimtiririka. Hapo mzee Ewani, mpiga ngoma wa kikosi, akainua fimbo zake akapiga mwendo wa kale, ule waliokuja nao babu zao kutoka ng’ambo. Papo hapo, kwa kudra ya Mola, kikosi kizima kikaondoka kwa hatua moja, ardhi ikatetema, na mji ukalipuka kwa shangwe.

“Inyamazishe ngoma hiyo!”

“Bwana Jenerali,” Makraye alijibu, moyo ukimdunda kwa furaha, “sheria yenu imetaja maneno. Ngoma haikuitaja.”

Jenerali akaikunjua karatasi ya sheria, akaisoma upesi, kisha akaisoma tena. Safu zilikuwa zikimpita, ngoma ikizidi kupanda, na farasi wake, pasipo kuamriwa na mtu, alianza kuinua miguu kwa mwendo uleule.