Utando wa Gaju

Gakwaya alishuka kwenye pikipiki akilia, gunia la nyama begani.

“Shemeji, Gaju njo huyu. Aliteleza kule Nyamitaba, akaanguka mu bonde. Ngozi ilipasuka yote, niliiacha kule kule.”

Mukandori alikaa chini kwenye majani. Tangu awe mjane, ng'ombe huyo mmoja ndiye aliyekuwa mume, shamba na minervale, karo ya shule ya binti yake Myriam. Gakwaya, mdogo wa marehemu, alimchunga pamoja na ng'ombe zake mwenyewe, na maziwa yalishuka mlimani kila asubuhi.

“Tumbo nimekuletea nzima,” Gakwaya alisema, akipangusa kamasi. “Najua unaipenda.”

Majirani walikuja kumpa pole. Jikoni wakakumbuka siku Gaju alipomeza waya, hata Patient, munganga wa ng'ombe, akampasua ubavu. Gakwaya ndiye aliyeshika pembe.

“Alishika pembe, macho amefunga,” Mukandori alisema. “Patient iko ananionyesha tumbo, huyu iko anaomba Mungu.”

Wanawake waliangua kicheko. Hata Gakwaya mwenyewe alicheka, machozi hayajakauka.

“Damu siiwezi, shemeji. Sikuona kitu.”

“Ulikosa mengi. Ule utando wa mafuta ulikuwa umekimbilia kidonda wenyewe, umelishika tumbo kama mama anashika mutoto. Patient alisema tuuache, umeshaota pale pale. Siku ya kuchinja watautoa kwa kisu.”

“Maskini Gaju,” Gakwaya alisema, akatoka nje kuota jua na wanaume.

Mukandori alivuta beseni la tumbo, akaingiza mikono. Utando ulitoka wote kwa mara moja, mweupe, laini, mzima kama fulari ya bibi harusi. Aliuinua kwenye mwanga wa mlango, akautazama kwa muda mrefu.

“Nikuletee kisu, Mama?” Myriam aliuliza.

“Hapana. Leta chumvi.”

Alipika taratibu, pamoja na maharagwe. Gakwaya ndiye aliyeombea chakula. Alipomtaja Gaju kwa jina, sauti ilimkatika. Mukandori alimpa sahani ya kwanza, tena iliyojaa, akasubiri mpaka ameilamba.

“Umeshiba, shemeji?”

“Sana. Mungu akubariki.”

“Basi niambie, huyu tumekula ni wa nani? Na Gaju wangu, leo iko anakamuliwa kwa nani?”