Kiti cha Pembeni mwa Dereva

Lori lilipoingia Mbeya kutoka Iringa, Isihaka alilikimbilia kabla injini haijazimwa. Yeye ndiye aliyekuwa akikodi na kupanga malori ya kampuni, na safari hii kiti cha pembeni mwa dereva alikuwa amemwachia mkewe, aliyekuwa akiuguzwa kwao Iringa.

Wiki iliyopita alikuwa amemnyima kiti hicho. "Mgonjwa atakuchelewesha njiani," alimwambia dereva. "Saruji inangojewa. Atakuja safari ijayo."

Akafungua mlango. Kitini palikuwa na kapu tu, limefunikwa khanga.

"Yuko wapi?"

Dereva alivua kofia. "Tulimzika juzi, bwana. Wazee wakanituma nikwambie mwenyewe."

Isihaka aliishika ile khanga. Ilikuwa khanga ya mkewe ya kutokea, imefuliwa na kukunjwa.

"Aliniulizia?"

"Wanasema kila akisikia lori, aliomba ainuliwe akae. Akisema, hilo ni langu, mume wangu amelileta."

Wapagazi walikwisha anza kufungua turubai. Isihaka akapanda, akalipakata kapu.

"Geuza, turudi Iringa."

"Na mzigo, bwana?"

Isihaka alikwisha funga mlango.