Sayari ya Mama

Kidole cha mtafiti wa nyota kilikuwa bado kwenye wimbi jekundu la grafu ukutani alipoliona kosa.

Wimbi lilipanda na kushuka kwa muda uleule ambao darubini yao ya angani huchukua kuizunguka dunia. Uleule, bila kuzidi wala kupungua.

Nyota ya nyutroni huzunguka kama pia, na kila mzunguko hututupia pigo la eksirei. Alikuwa ametoka kuueleza ukumbi mzima kwamba mapigo haya mara yanawahi, mara yanachelewa, kwa sababu ipo sayari inayoivuta nyota huku na huku. Kumbe inayoyumba ni darubini yenyewe, mara inaisogelea nyota, mara inaipa kisogo, naye alisahau kuuondoa mwendo huo kwenye hesabu. Wanafunzi wake wakikosea hivyo, huwacheka.

Mkuu wake wa kazi alikuwa amekwisha kuelewa. Alivua miwani akaifuta taratibu, macho chini, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufunga zipu.

 Bado yeye mwenyewe angeweza kulikiri kosa.

Mbele kabisa alikaa mama yake, kisigino kimoja nje ya kiatu kipya kinachombana. Sayari ilikuwa imepewa jina lake, na majirani wote walishajua.

"Baba," mama akamwita mwanawe, amesahau kabisa kwamba yuko ukumbini, "mbona siioni? Sayari yangu ni ipi hapo?"

Watu wakacheka kwa upendo. Mkuu hakucheka.

Kidole kikapanda chenyewe hadi kwenye kilele cha wimbi.

"Hii hapa, mama."