Sikio la Baba Siwema

Tangu wafu walipoanza kuhamishiwa kwenye mashine pepe za kompyuta, Tunu alizungumza na marehemu mumewe kwa maandishi tu. Binti yao Siwema alipoanza kutamka, Tunu akaamua kumjengea baba mtu moduli ya sikio. Ikagoma, kwa kuwa kiini cha mashine, programu inayoiendesha, kilikuwa cha zamani, na vifurushi vya kukioanisha na moduli havikupatikana tena popote. Akaagiza kiini kipya kipakiwe. Mashine ikatoa orodha ndefu ya vifurushi vya kumbukumbu visivyopatana nacho, ikaomba ruhusa ya kuviondoa. Siwema alikuwa analilia ziwa. Tunu akabonyeza “Ndiyo” bila kusoma.

Moduli ikakubali.

“Baba!” Siwema akaita.

“Namsikia!” mumewe akaandika. “Kasauti katamu hako! Mtoto wa nani?”

“Acha utani wako, Baba Siwema.”

“Siwema ndiye nani?”

Mtoto akapapasa kioo, akaita tena.