Konokono Wawili wa Chumba cha Nyuma

Saa tisa na nusu msumeno ulikuwa bado unakata mbao, na fundi cherehani akaanza kupima upana wa mlango kwa tepu yake ya shingoni.

Cherehani ilikuwa imekaa ushorobani tangu mwaka jana. Kila aliyekwenda msalani aliipita kwa ubavu, na sare arobaini za shule zilikuwa zimerundikwa juu ya friji. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mumewe, karani wa posta, aliyejifunza mwenyewe kutengeneza spika na hakutaka kusikia habari za sanduku la pembe nne. Zake zilikuwa na umbo la konokono: plaiwudi nyembamba aliyoilainisha kwa mvuke wa birika, akaikunja duara ndani ya duara. Mdomoni mwa kila konokono aliweka koni moja tu, ndogo kama kisahani, itoe sauti nzito na nyembamba peke yake.

"Wenzako wanaweka koni tatu," mkewe alimwambia mwezi uliopita.

"Wenzangu wana haraka."

"Na mimi nina sare."

Wakaafikiana. Jumamosi, saa kumi kamili, konokono wawe wanalia, na walie vizuri. Hakimu ni mke. Wasipomridhisha, wao wanatoka, cherehani inaingia.

Leo ndiyo Jumamosi yenyewe, na bwana mkubwa bado anakata mbao.

"Baba watoto, umekula?" aliuliza mlangoni.

Msumeno ulisita. "Bado kidogo."

"Utakula saa ngapi?"

"Sawa, sawa." Msumeno ukaendelea.

Hakushangaa. Miaka kumi na tisa ya ndoa, mumewe akishika kipande cha mbao hujibu swali alilojichagulia mwenyewe.

Wifi yake, dada wa karani, aliingia kuchukua gauni lake.

"Nimepita kwa kinyozi nikaona mtu kama kaka," alisema. "Hata upara ni ule ule."

"Mwenye upara anafuata nini kwa kinyozi?"

"Labda gumzo."

"Kaka yako huyo humo ndani. Msikie."

Wifi akatega sikio. Msasa ulikuwa unasugua, kisha kitu kikadondoka, mtu akaguna na kukitafuta chini ya meza.

"Ni yeye," wifi akakubali. "Akiguna hivyo ni marehemu baba mtupu. Mwonee huruma, wifi, mwongezee wiki."

"Nimekuwa nikimwongezea tangu watoto wana meno ya utoto."

Kwa kweli roho ilimuuma kidogo. Mwezi mzima mtu anakunja mbao mpaka vidole vinababuka, halafu siku ya siku inamkuta hajamaliza. Lakini shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu, na sare hazina mikono.

Saa ya ukutani ilipogonga kumi, alisubiri dakika mbili zaidi kwa heshima. Hakusikia muziki. Hakusikia hata taarifa ya habari. Alisikia msumeno.

"Saa kumi imefika, baba watoto. Tunaingia."

Wifi akashika upande mmoja wa cherehani, yeye akashika wa pili, akausukuma mlango kwa nyonga.

Chumbani hapakuwa na mtu. Sakafu ilikuwa imefagiwa, hata chembe ya unga wa mbao haikuwapo. Juu ya meza walikaa konokono wawili waliong'arishwa kwa vanishi, kaseti ikizunguka nyuma yao, wa kushoto akikata mbao, wa kulia akikohoa.

"Funga mlango, mke wangu," akasema yule wa kulia, "vumbi litakuingia machoni."

Kabla hajajiuliza neno, alikuwa ameshaomba radhi na kuurudishia mlango.